Starehe na Kuni: Meli za Mto Kongo

Baina ya Kinshasa na Kisangani, Mto Kongo hupitika kwa meli, mwendo wa kilomita 1,734. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, abiria wa Kizungu alikuwa na chumba chake, meza ya chakula na baraza yenye kivuli. Mwafrika alipewa nafasi katika matishari yaliyofungwa pamoja na meli.

Je, starehe hiyo ilijengwa juu ya nini? Kabla ya reli ya kutoka Matadi kukamilika mwaka 1898, meli za kwanza zilibebwa vipande vipande na wapagazi, kuyapita maporomoko. Zilipounganishwa, ziliendeshwa kwa moto wa kuni. Njiani zilisimama kwenye vituo ambako wanavijiji walikata miti, wengi wao kwa kulazimishwa. Mwaka 1890 Joseph Conrad alisafiri katika Roi des Belges hadi mahali paitwapo leo Kisangani. Jina lake lajulikana duniani. Ya wakata kuni hayajulikani.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 ubaguzi wa rangi uliondoka, lakini madaraja ya tikiti yalibaki: vyumba kwa wenye nacho, matishari yenye msongamano kwa wengine.

Wahenga walisema, baada ya dhiki faraja. Katika mto huu dhiki iliwapata hawa, faraja ikawafikia wale. Ndugu walimu, tusomapo na wanafunzi habari za safari za fahari, tuwaulize: Nani aliyekata kuni?