Mtaa Uliofungiwa Magari na Mtaa Uliopewa Magari: Bourbon na Claiborne katika Historia ya New Orleans

Katika miji mingi inayoishi kwa watalii, swali moja hurudi mara kwa mara mbele ya mabaraza ya jiji: je, mitaa ya starehe inayojaa watu usiku ifungiwe magari na kuachiwa waendao kwa miguu? Waandishi wengi hulishughulikia swali hili kama jambo la uhandisi, wakipima upana wa njia na idadi ya magari. Makala haya yanakusudia kulichukua kama swali la historia. Barabara ni mali ya wote, na kila inapoamuliwa nani aitumie na kwa saa zipi, wapo wanaopewa na wapo wanaonyang’anywa. Mfano wetu ni mji wa New Orleans, katika jimbo la Louisiana, Marekani, ambako sehemu ya juu ya Mtaa wa Bourbon imekuwa ikifungwa kwa magari kila usiku kwa zaidi ya nusu karne. Upo pia uhusiano unaotugusa sisi wa Kongo moja kwa moja, nao ndio tutakaoanza nao.

Nyuma ya mji wa kale, ng’ambo ya Mtaa wa Rampart, upo uwanja unaoitwa Congo Square. Jina hilo halikutokana na ndoto ya mshairi. Miongoni mwa watumwa walioletwa Louisiana, hasa mwishoni mwa enzi ya Wahispania na mwanzoni mwa karne ya 19, watu wa Kongo walikuwa wengi sana. Jumapili, siku ambayo desturi iliwaruhusu kupumzika, watumwa walikusanyika kuuza mazao yao madogo, kupiga ngoma na kucheza. Mwaka 1817 baraza la jiji lilitoa amri kwamba mikutano hiyo ifanyike Jumapili tu, na mahali pamoja tu patakapotajwa na meya. Mahali hapo pakawa uwanja huo. Mwezi wa Februari 1819 mjenzi Benjamin Latrobe, akipita karibu, alisikia kishindo akageuka kuangalia. Alikadiria kuwa waliokuwapo walikuwa watu mia tano au mia sita, wakicheza katika duara mbalimbali, kila duara na ngoma zake. Basi kabla ya magari ya injini kuenea duniani, mji huo ulikwisha kuzoea fikra ya kutenga mahali na saa maalumu kwa ajili ya furaha ya watu, na kuweka macho ya askari pembezoni. Amri ya 1817 ilikuwa ruhusa na uzio kwa pamoja. Msomaji aikumbuke, maana sura yake itaonekana tena.

Mtaa wa Bourbon wenyewe ni mkongwe kuliko amri hiyo. Ulichorwa mwaka 1721 na mhandisi Adrien de Pauger, miaka mitatu baada ya Bienville kuuanzisha mji, ukapewa jina la ukoo wa kifalme wa Ufaransa. Ulikuwa mtaa wa makazi, wa watu wa hali ya kati, mwembamba, yapata mita 12 kutoka ukuta hadi ukuta wa pili. Wala haukuwa na ukimya. Katika karne ya 20 tramu ya njia ya Desire, ambayo jina lake mwandishi Tennessee Williams alilitia katika tamthilia yake ya mwaka 1947, ilikuwa ikipita Bourbon hadi ilipoondolewa mwaka 1948 na nafasi yake kuchukuliwa na mabasi. Watu wanaosema leo kwamba mtaa huo “tangu asili” ni wa waendao kwa miguu wanasahau reli hizo.

Starehe zilihamia Bourbon kwa njia ya kuzunguka. Mwaka 1897 jiji lilitunga sheria iliyoufunga ukahaba ndani ya mipaka ya mitaa michache, eneo lililokuja kuitwa Storyville kutokana na jina la diwani Sidney Story aliyependekeza sheria hiyo. Eneo hilo lilifutwa mwaka 1917 kwa agizo la Jeshi la Majini la Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika miongo iliyofuata vilabu vya usiku vilishika Bourbon, na Vita Kuu ya Pili vikaleta maelfu ya wanajeshi wenye mishahara mifukoni. Wapigaji muziki weusi walipanda majukwaani humo; lakini kukaa mezani kama wateja hawakuruhusiwa, mpaka Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilipokataza ubaguzi huo. Jambo hili si la kutajwa pembeni. Mtaa ambao baadaye ungepewa “watu wote” ulikuwa, kwa muda wote wa ustawi wake wa kwanza, mtaa wa weupe ambamo weusi waliingia kwa mlango wa kazi.

Ustawi huo ulitikiswa mwaka 1962, pale mwendesha mashtaka Jim Garrison alipovamia vilabu kimoja baada ya kingine, akivituhumu kwa ulaghai na ukahaba. Vilabu vingi vya maonyesho havikupona. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ukatokea uchumi mwingine, wa chini na wa werevu: wenye baa wakaanza kuuza vinywaji dirishani, mkononi mwa mpita njia, katika kikombe cha plastiki. Zamani mteja alilipa ili aingie ndani, aketi, aangalie wachezaji. Sasa aliweza kununua kinywaji nje na kuendelea na mwendo. Onyesho likahama jukwaani likaja barabarani, na waangaliaji wakawa ndio waangaliwa. Katika njia nyembamba namna ile, magari na umati haviwezi kukaa pamoja. Kwa hiyo ni vema ieleweke kwamba si jiji lililoanza kuutoa mtaa kwa waendao kwa miguu. Umati ulikwisha kuuchukua. Jiji likaja baadaye na vizuizi vyake kuhalalisha lililokwisha kuwa.

Kabla ya kufika kwenye uamuzi huo inatupasa tugeuke kwanza upande wa pili wa Rampart, kwenye kata ya Tremé, tuuangalie mtaa mwingine.

Claiborne Avenue ilikuwa bulvadi pana, na katikati yake palikuwa na ukanda mrefu wa majani wenye safu za mialoni mikubwa. Watu wa New Orleans huuita ukanda wa namna hiyo “uwanja usio na upande”, jina lililoanzia Mtaa wa Canal, mpakani mwa Wakrioli na Waamerika waliogombana. (Msomaji wa Lubumbashi atatabasamu kwa uchungu: sisi nasi tulikuwa na ukanda wetu uliobeba jina hilohilo, zone neutre, uliotenga mji wa weupe na cité ya weusi. Kule jina lilifikia kuwa la mahali pa watoto kuchezea. Kwetu lilibaki la mahali pa kuvuka kwa hofu.) Chini ya mialoni ya Claiborne watu weusi waliozuiwa kwingine walisherehekea kanivali yao: kundi la Zulu, watu waliovaa mavazi ya manyoya waitwao Wahindi wa Mardi Gras, bendi za matarumbeta. Kandokando ya njia palikuwa na maduka, ofisi za bima, nyumba za mazishi na vilabu, vingi vikiwa mali ya watu weusi.

Mwaka 1966 mialoni hiyo ilikatwa. Mahali pake pakasimamishwa nguzo za saruji, na juu ya nguzo barabara kuu ya kasi, I-10, iliyokamilika mwishoni mwa muongo huo. Biashara za kandokando zikanyauka moja moja.

Wakati huohuo ulikuwapo mpango wa barabara ya pili ya juu, ambayo ingepita ukingoni mwa mto, mbele ya mji wa kale kabisa. Wazo lake liliwekwa mezani na Robert Moses wa New York mwaka 1946. Safari hii upinzani ulikuwa mkali: wenye nyumba, wanasheria, wapenzi wa majengo ya kale, watu wenye kufahamiana na magazeti na mahakama. Waliishika hoja ya historia, na mwaka 1965 mji wa kale ulikuwa umetangazwa kuwa alama ya kitaifa. Tarehe 1 Julai 1969 Waziri wa Uchukuzi wa Marekani, John Volpe, aliufuta mpango huo. Tremé haikuwa na waziri wa kuifutia wake. Wakati mialoni inaanguka hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja katika baraza la jiji. Wa kwanza wa karne ya 20 kuketi humo aliingia mwaka 1975. Ninaona kwamba bila kuziweka barabara hizi mbili ubavu kwa ubavu, habari za Bourbon huwa hadithi ya utalii tu. Ni kwa sababu magari mengi yalipewa Claiborne, na si ukingo wa mto, ndiyo maana mji wa kale ulibaki na sura iliyofaa kutembelewa kwa miguu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, chini ya meya Moon Landrieu, jiji lilianza kuifunga sehemu ya juu ya Bourbon kwa magari nyakati za usiku, na Mtaa wa Royal, wa maduka ya vitu vya kale, nyakati za mchana. Ulaya ilikuwa imetangulia: Rotterdam ilifungua Lijnbaan mwaka 1953, Copenhagen ikaufungia magari mtaa wa Strøget mwaka 1962. Marekani nayo iliiga, kuanzia Kalamazoo mwaka 1959, na miji yapata mia mbili ikafuata. Mitaa mingi kati ya hiyo ilikauka, magari yakarudishwa. Bourbon haikukauka, na sababu si ngumu kuiona. Kwingine waliufunga mtaa wakitumaini watu watakuja. Hapa watu walikuwapo tayari. Tena, ufungaji ulikuwa wa saa. Asubuhi malori ya bia, ya barafu na ya taka huingia, mabomba ya maji huosha njia, na kwa saa kadhaa Bourbon ni mtaa wa wafanyakazi. Mtalii hauoni mtaa huo, maana amelala.

Hata hivyo wako waliolipia. Wakazi wa mji wa kale walilalamika juu ya kelele na mkojo vizingitini, na idadi yao ilizidi kupungua. Muziki nao uliumia: pale baa inapoishi kwa kikombe cha dirishani, mpiga klarineti mwenye subira ni gharama, na spika yenye sauti kubwa ni tangazo la bure. Mwaka 1973 maandamano makubwa ya kanivali yaliondolewa katika njia nyembamba za mji wa kale kwa sababu za usalama. Hivyo mtaa uliofungiwa magari kwa ajili ya watu ulifungiwa pia magari ya sherehe, hayo ambayo kwayo mji huo unajulikana duniani.

Mwezi wa Januari 2017 meya Mitch Landrieu, mwana wa Moon, alitangaza mpango wa usalama wa dola milioni 40, na ndani yake limo wazo la kuuacha mtaa kwa waendao kwa miguu peke yao. Mwaka uliotangulia lori lilikuwa limeua watu wengi ufukoni mwa Nice, Ufaransa. Vigingi vya chuma vya kusogezwa viliwekwa Bourbon. Lakini shanga za kanivali zilikwama ndani ya reli zake, na vikawa havisogei. Mwaka 2020 meya LaToya Cantrell akalirudia wazo la kupanua njia za miguu, nalo halikufika mbali. Mwishoni mwa mwaka 2024 vigingi vya kale vilikuwa vinang’olewa ili vipya viwekwe kabla ya mashindano makubwa ya mpira wa Kimarekani. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2025, yapata saa 9 na robo, gari dogo la mizigo lililipita gari la polisi lililoziba njia, kwa kupanda ukingo wa waendao kwa miguu kwenye kona ya Canal, likaingia katika umati. Watu 14 waliuawa.

Baada ya msiba huo washauri wa usalama walipendekeza Bourbon iwe ya waendao kwa miguu kabisa. Hoja ya kale ikageuka uso. Katika miaka ya 1970 magari yaliondolewa ili umati upate nafasi. Sasa yanaondolewa kwa sababu gari limekuwa silaha. Kitendo ni kilekile, na hofu imechukua mahali pa furaha katika maandishi ya serikali. Lakini maafisa wa 1817, walioziogopa ngoma za Jumapili, wangeyatambua maneno mengi ya ripoti hizo: idadi, saa, lango, mlinzi.

Congo Square ilibeba rasmi jina la jenerali wa Kusini, Beauregard, tangu mwaka 1893, na jina la wananchi likarudishwa na baraza la jiji mwaka 2011. Na kule Claiborne barabara ya juu ingali imesimama, ingawa mipango ya kuibomoa imejadiliwa kwa miaka mingi. Chini yake, siku za Jumapili, bendi za matarumbeta bado hupita na wafuasi wao wakicheza. Wapigaji hupenda kusimama hapo, kwa sababu saruji huirudisha sauti kwa nguvu. Magari yanapita juu ya vichwa vyao. Kwenye baadhi ya nguzo wachoraji wamechora mialoni.