Linux: Kero zinazowafanya watumiaji kutamani kuiaga

MFUMO wa Linux, ulioasisiwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, ndio unaoendesha tarakilishi zote 500 zilizo kwenye orodha ya zile zenye nguvu zaidi duniani tangu Novemba 2017. Kiini chake kimo pia ndani ya kila simu ya Android, hivi kwamba mama mboga anayepokea malipo kwa simu ya aina hiyo ni mtumiaji wa Linux pasi na kujua.

Tarakilishi ya mezani, hata hivyo, ina kisa tofauti. Wengi walioukumbatia mfumo huo kwa hiari, wakivutiwa na ukweli kwamba hautozwi ada na kwamba maandishi ya programu zake yako wazi kwa kila mtu kuyasoma na kuyarekebisha, hufikia siku wakashawishika kurejea kwa Windows au kununua mashine ya kampuni ya Apple. Mara chache sababu huwa ni udhaifu wa Linux yenyewe. Kero hujitokeza pembezoni, pale mfumo unapokutana na vifaa vya kampuni nyingine na nyaraka za watu wengine.

Vifaa ndivyo huanza. Kila kifaa, kiwe printa au kadi ya intaneti isiyotumia waya, huhitaji programu ndogo ya kukiunganisha na mfumo. Watengenezaji wa vifaa huiandaa programu hiyo kwa ajili ya Windows kwanza, na kwa miaka mingi baadhi yao hawakuwapa watunzi wa Linux hata maelezo ya namna kifaa kinavyofanya kazi. Katikati ya miaka ya 2000, mwenye kipakatalishi chenye kadi ya Broadcom alilazimika kuazima programu iliyotungwa kwa ajili ya Windows na kuilaghai iamini kwamba bado iko nyumbani. Ilikuwa Septemba 2010 ambapo Broadcom ilitoa programu iliyo wazi kwa baadhi ya kadi zake mpya. Nvidia, inayounda kadi za picha, ilichelewa zaidi. Mnamo Juni 2012, akiwahutubia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Aalto, Torvalds aliiita kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo, kisha akaionyesha kidole mbele ya kamera. Miaka 10 ilipita kabla ya Nvidia kuanza kufungua sehemu ya programu zake, Mei 2022.

Haba na haba hujaza kibaba. Mashine inayogoma kuamka baada ya kufunikwa, spika zinazonyamaza programu mbili zikitaka kutoa sauti kwa pamoja, skrini inayopotea mfumo ukisasishwa: hakuna hata moja kati ya kero hizi iliyo kubwa kiasi cha kumhamisha mtu peke yake. Kinachochosha ni kurejea kwake, na jioni zinazoteketea kutafuta tiba.

Walioondoka hawakuwa wanagenzi pekee. Jamie Zawinski, mmoja wa waanzilishi wa mradi wa Mozilla, alinunua iMac mwaka wa 2005 baada ya kuchoshwa na matatizo ya sauti. Miguel de Icaza, aliyeanzisha pamoja na Federico Mena mradi wa GNOME mwaka wa 1997 ili kuipatia Linux sura inayomfaa mtu wa kawaida, alieleza Machi 2013 jinsi alivyojikuta katika Mac. Alipokuwa akitumia mashine hiyo, intaneti ilipatikana, sauti haikukatika, na majuma matatu yakapita bila yeye kulazimika kuurekebisha mfumo. Fundi anapohama nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, wapangaji hawana budi kutahayari.

Isitoshe, hata kinachofanya kazi vizuri hakiachwi kitulie. Toleo la KDE la Januari 2008 lilitolewa likiwa bichi, na likawavurugia wengi mazoea yao. Torvalds mwenyewe alilihama akaenda GNOME. Mnamo Aprili 2011, GNOME nayo ikabadilishwa sura kuanzia juu hadi chini, akahama tena, ingawa baadaye alirejea. Mwezi huohuo Ubuntu ililazimisha sura yake mpya iliyoitwa Unity, kisha ikatangaza kuitupilia mbali Aprili 2017. Ubuntu, jina ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa kwa kuwa ni utu wenyewe, ilianzishwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kasoro ya kwanza kabisa kuandikwa katika daftari la mradi huo ilikuwa kwamba Microsoft inamiliki sehemu kubwa ya soko. Shuttleworth aliifunga kasoro hiyo mwaka wa 2013. Si kwamba Linux ilikuwa imeyateka madawati. Ni simu za mkononi zilizokuwa zimebadilisha soko.

Nyaraka ni kero ya aina nyingine, kwa maana haziko mikononi mwa mtumiaji. Barua iliyotayarishwa kwa Word huweza kufunguka katika LibreOffice ikiwa na jedwali lililopinda na kurasa zilizoongezeka. Aliyeituma haoni kasoro yoyote, na lawama humwangukia aliyeipokea.

Mji wa Munich nchini Ujerumani uliyaonja haya kwa kiwango cha serikali nzima. Mnamo Mei 2003, baraza la jiji liliamua kuziondoa tarakilishi zake zipatazo 14,000 kutoka kwa Windows NT, ingawa mkuu wa Microsoft wakati huo, Steve Ballmer, alikatiza likizo yake ya kuteleza thelujini ili kumsihi meya Christian Ude. Kuhamisha mashine kulianza mwaka wa 2006, na mradi huo, ulioitwa LiMux, ukatangazwa kukamilika mwaka wa 2013. Wahandisi wa jiji walitunga hata programu yao ya kuandalia barua rasmi, WollMux, na kuigawa bure.

Meya mpya, Dieter Reiter, alipoingia mwaka wa 2014, malalamiko yalikuwa yamerundikana. Wafanyakazi walisumbuliwa na nyaraka kutoka nje, na baadhi ya programu za idara zilikubali kufanya kazi katika Windows tu. Yeye mwenyewe alinung'unika kwamba alisubiri majuma kadhaa kabla ya kupata barua pepe kwenye simu yake, jambo ambalo halikuhusiana na mfumo uliokuwa mezani. Hapo ndipo kiini cha mkasa huo. Utafiti ulioagizwa na jiji na kuwasilishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba utaratibu mbovu wa idara za teknolojia ulichangia pakubwa matatizo hayo, lakini pengwini ndiye aliyebebeshwa mzigo. Novemba 2017, baraza liliamua kurejea kwa Windows. Mnamo 2020, muungano mpya wa vyama ukaahidi tena kuzipa programu huria kipaumbele.

Mgeni naye ana mitihani yake. Novemba 2021, Linus Sebastian, Mkanada mwenye watazamaji wengi katika YouTube, alijaribu kusakinisha Steam, programu ya michezo, katika Pop!_OS. Mfumo ulimtaka aandike kwamba anakubali kinachotaka kufanyika. Aliandika, na sura yote ya tarakilishi ikafutwa, akabaki na skrini nyeusi ya maandishi. Baadhi ya wakongwe walimcheka kwa kutosoma onyo. Watayarishaji wa Pop!_OS, kwa busara zaidi, waliirekebisha kasoro hiyo.

Sasa safari inafanyika pia kwa upande wa pili. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida mnamo Oktoba 14, 2025, na mashine nyingi za zamani zilizo nzima hazikubaliki rasmi katika Windows 11. Jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, lilitangaza mwaka wa 2024 mpango wa kuhamisha tarakilishi 30,000 za serikali hadi LibreOffice na hatimaye Linux.

Anayetaka kufuata njia hiyo ana nafasi ambayo Windows haimpi kwa urahisi: aina nyingi za Linux huweza kuwashwa kutoka kwa flashi bila kugusa chochote kilichohifadhiwa ndani ya mashine. Dakika chache hutosha kupima intaneti, sauti na printa, kisha kuifunika mashine na kuona kama itaamka. Ni vyema pia kufungua barua mbili tatu za Word zilizotoka ofisini, hasa zenye majedwali.