Tabibu wa Karema

Hapa Sumbawanga kila mtu anaijua Hospitali ya Atiman. Nimefanya kazi ya uuguzi Ufipa na kandokando ya Ziwa Tanganyika tangu usichana wangu mpaka nilipostaafu, na kila nilipowauliza wanafunzi wa uuguzi huyo Atiman alikuwa nani, wengi walinijibu kwamba ni Mzungu, padre wa zamani aliyejenga hospitali. Hakuwa Mzungu wala padre. Alikuwa Mwafrika mwenzetu, mume na baba, aliyetibu watu Karema, kando ya ziwa hilo, kwa miaka 67 bila kuhama.

Adrian Atiman alizaliwa miaka ya 1860 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo inaitwa Mali. Akiwa mtoto mdogo alikamatwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko alikutana na Mapadre Weupe, shirika ambalo Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, alikuwa amelianzisha mwaka 1868. Wakalipa bei yake, wakamchukua, wakamsomesha. Alibatizwa mwaka 1882.

Lavigerie aliamini kwamba Waafrika ndio watakaoiinjilisha Afrika, na kwamba mapadre peke yao hawatatosha. Alitaka matabibu: vijana waliosomea udaktari sawasawa, watakaooa, wajenge nyumba katikati ya watu, wale wanachokula watu hao na kufundisha dini huku wakitibu. Mwaka 1881 alifungua taasisi katika kisiwa cha Malta, na vijana waliokombolewa utumwani wakaanza kusoma udaktari katika Chuo Kikuu cha hapo. Atiman alikuwa mmojawao. Mwaka 1888 akatumwa kwenye Maziwa Makuu, na mwaka uliofuata akawa amefika Karema.

Habari ya kununuliwa kwake hainipi raha, na sitaipita haraka. Mtoto yule alitolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, jambo la kumshukuru Mungu. Lakini hata baada ya kukombolewa, watu wengine ndio waliomchagulia dini, shule, kazi na nchi ya kuishi. Wamisionari walikuwa na lengo lao wazi: dawa ifungue mlango, katekisimu iingie. Ndiyo maana nauheshimu zaidi ule muda wake wa Karema. Kutumwa alitumwa, lakini hakuna anayeweza kumtuma mtu kukaa miaka 67. Kila mwaka aliobaki, utawala ukipita wa Wajerumani na ukaja wa Waingereza, ulikuwa wa kwake mwenyewe.

Karema ya wakati huo ilikuwa ngome. Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika waliijenga mwaka 1879, karibu na maji, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Miaka ileile ziwa lilikuwa linashuka, kwa kuwa mto Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umeshajifungulia njia, na maji yakaiacha ngome nchi kavu. Misheni ikakua kwenye boma hilo, ikipokea yatima, watu waliokombolewa, na wenyeji waliotafuta mahali pa kukimbilia.

Ng'ambo ya ziwa, upande wa Mpala, aliishi mlei mwingine ambaye vitabu vinampenda zaidi: Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa. Huyo alilinda misheni kwa bunduki dhidi ya wavamizi wa watumwa, akaoa mwanamke wa huko aitwaye Agnes Atakao, akafa hukohuko mwaka 1927. Simvunjii heshima. Ila bunduki huandikwa upesi, na bandeji hazina mwandishi.

Magonjwa aliyoyakuta Atiman sisi wauguzi wa zamani tunayajua: ndui, malaria, kuhara, na baadaye malale, yaliyovifyeka vijiji vya mwambao wa ziwa mwanzoni mwa karne ya 20. Na vidonda. Asiyewahi kuosha donda ndugu atasoma neno hilo na kupita, kwa hiyo nieleze. Kwanza unalowesha kitambaa kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, kwa sababu kimegandia. Ukikivuta kikiwa kikavu kinang'oka na nyama changa iliyoanza kuota. Harufu inatangulia. Mgonjwa hatazami mguu wake, anakutazama wewe usoni, aone kama utakunja pua. Unatoa nyama iliyokufa kidogo kidogo, unasuuza, unaweka dawa, unafunga upya, si kwa kukaza wala kwa kulegeza. Kesho unaanza tena palepale. Mguu mmoja unaweza kukuchukua wiki nyingi, na siku kidonda kinapofunga, mwenye mguu anakwenda zake shambani.

Katika kazi ya namna hiyo hakuna siku ya kupigiwa vigelegele. Mimi naamini utakatifu wa Atiman ulikaa hapo, kwenye kurudia. Alikuwa pia katekista, alifundisha dini, na padre wa Karema angekwambia bila shaka kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya Kanisa. Mimi sizitenganishi. Nimekaa wodini usiku, rozari mfukoni, nisipate nafasi ya kuigusa mpaka asubuhi, na sikuona kwamba nimekosa sala.

Muda mfupi baada ya kufika alifunga ndoa na Agnes Wansabira. Mtoto wao Joseph alipata upadre mwaka 1923, wakati ambapo mapadre Waafrika katika nchi hii walikuwa wachache mno. Habari za Joseph zinatajwa kwa fahari, na ndivyo inavyostahili. Agnes anapewa sentensi moja: aliolewa. Nyumba ya tabibu, hata leo, haina usiku. Mtu anabisha hodi saa nane, kuna mwanamke ameshindwa kujifungua kijiji cha pili. Jamaa za mgonjwa wanasubiri uani, wanataka maji, wanataka uji, wanataka mahali pa kulala. Nani aliwasha moto? Mume wangu alikuwa seremala. Nilipoitwa usiku yeye ndiye aliyewasha chemli na kunisindikiza mpaka mlango wa wodi, kisha akarudi kuwalaza watoto, na saa kumi na mbili akawa kwenye ubao wake na randa mkononi. Bila yeye nisingefanya kazi ile miaka mitano. Kwa hiyo mtu akinihubiria juu ya Atiman bila Agnes, naona amenisimulia nusu.

Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha yake kama alivyoyasimulia mwenyewe. Alikuwa mzee wa karibu miaka 80, bado yuko Karema. Alifariki mwaka 1956, miaka mitano kabla ya Uhuru.

Miaka minane baadaye, mwezi Oktoba 1964, Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu. Mwezi uliofuata, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukapitisha hati yake juu ya Kanisa, yenye sura nzima inayosema kwamba kila mbatizwa ameitwa awe mtakatifu katika hali yake ya maisha: kwenye ndoa, kwenye kazi, kwenye ugonjwa. Mashahidi wale wote walikuwa walei, na baadhi walikuwa na wake na watoto, lakini tunawakumbuka kwa jinsi walivyokufa. Ilichukua mpaka Oktoba 2015 kwa Roma kuwatangaza watakatifu mke na mume kwa pamoja: Louis Martin, fundi saa, na Zélie, mfuma lesi, wa Alençon huko Ufaransa. Walifanya biashara, wakalea watoto, wakazika wanne wakiwa bado wadogo.

Nilipomsikia padre wetu akiwasimulia wale wa Alençon jumuiyani, nilifurahi, kisha nikauliza kama naweza kusema neno. Nikawaeleza habari za fundi wetu wa vidonda na mkewe. Mama mmoja mwuza dagaa, mwenyeji wa mwambao, akasema bibi yake alitibiwa na "Dokta Adriani" mwenyewe, na kwamba kovu aliliona mguuni mwa bibi, kubwa kama kiganja. Hakuwahi kuulizwa habari hiyo na mtu yeyote.

Wako wengine kama yeye Kirando, Kala, Mpanda, hata ng'ambo Kalemie, na wanazeeka. Majimbo ya Sumbawanga na Mpanda yana vijana waliosoma, wenye simu za kurekodi sauti. Waanze na akina bibi, kabla msimu wa mvua haujafunga barabara ya Karema, na wawaulize pia habari za Agnes.