Manowari za Massawa



Darasani tulifundishwa Vita Kuu ya Pili kama habari za Ulaya. Hata hivyo, vijana wa Tanganyika katika batalioni ya 6 ya KAR walipigana na Wataliano Uhabeshi mwaka 1941. Napenda kueleza upande wa baharini wa vita hivyo, maana hausimuliwi sana.

Kati ya 1924 na 1927 Italia iliunda manowari nne za kasi, aina ya destroya. Zilipewa majina ya mashujaa wao: Nazario Sauro, Cesare Battisti, Daniele Manin na Francesco Nullo. Kila moja ilikuwa na mizinga minne ya milimita 120, na mwendo wa maili za bahari 35 kwa saa.

Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, zote nne zilikuwa Massawa, Eritrea. Waingereza walishika Suez kaskazini na Aden kusini, hivyo mafuta na vipuri kutoka Italia vikakatika. Sisi wa Songo Mnara, tuliokulia kati ya mikoko na magofu, twajua kwamba chombo kilichofungiwa mlangoni hakina faida, hata kiwe kizuri namna gani.

Oktoba 1940 Nullo ilipigwa na manowari Kimberley, ikakwama karibu na kisiwa cha Harmil. Aprili 1941, majeshi ya Waingereza yakiikaribia Massawa, zile tatu zilizobaki zilitoka pamoja na Pantera na Tigre kwenda kupiga Port Sudan, safari isiyo na marejeo. Battisti iliharibika mashine, ikazamishwa na mabaharia wake pwani ya Arabuni. Tarehe 3 Aprili ndege za Waingereza ziliwazamisha Sauro na Manin. Pantera na Tigre nazo zikaishia pwani ya Arabuni.

Massawa ilianguka tarehe 8 Aprili. Siku tatu baadaye Rais Roosevelt alitangaza kwamba Bahari ya Shamu si eneo la vita tena, na meli za Marekani zikapata njia ya kwenda Suez. Askari wetu waliokuwa wakisonga mbele bara walikabili adui asiyeweza kuletewa hata risasi moja kwa bahari.

Mashujaa wa Italia majina yao yaliandikwa kwenye chuma. Ndugu mwenye jina la mzee wake aliyekuwa KAR alilete mkutanoni, nasi tuliandike.