Hamira na Kiunzi cha Uhai

Elimu ya viumbe ina njia mbili. Njia ya kwanza hutazama umbo la kitu na kuuliza kimeundwaje. Njia ya pili hutazama kazi yake na kuuliza chafanya nini. Apitaye njia ya kwanza peke yake huujua ufunguo asijue kufuli. Apitaye ya pili peke yake husikia mlango ukifunguka gizani asijue umefunguliwa kwa nini. Historia ya protini iitwayo aktini ni historia ya njia hizo mbili. Zilikwenda mbalimbali kwa muda mrefu, hata zikakutana katika kiumbe ambacho watu wengi hukijua jikoni tu, nacho ni hamira.

Aktini haikugunduliwa katika hamira, bali katika nyama ya msuli. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Brunó Straub alikuwa akifanya kazi mjini Szeged, nchini Hungaria, katika maabara ya Albert Szent-Györgyi. Wakati ule ilijulikana kuwa msuli una protini iitwayo miosini, iliyopewa jina hilo na Wilhelm Kühne mwaka 1864. Lakini miosini iliyotolewa msulini kwa haraka ilikuwa na tabia moja, na ile iliyoachwa kwa saa nyingi ilikuwa na tabia nyingine. Straub alionyesha kuwa tofauti hiyo ililetwa na protini ya pili iliyoichochea miosini. Kwa sababu ya uchochezi huo ikaitwa aktini. Tangu hapo ikadhaniwa na wengi kuwa mtu akitaka kuijua aktini hana budi kwenda kwa wanyama wenye misuli, wanaokimbia na kuruka.

Hamira haikimbii wala hairuki. Ni seli moja, upana wake kama sehemu 5 za elfu za milimita, na imefungwa ndani ya ukuta mgumu. Ikitaka kuzaa hutoa chipukizi ubavuni. Chipukizi hukua, kisha hutengana na mama yake. Hata hivyo ndani ya ukuta ule mna kiunzi, yaani nyuzi za protini zinazoipa seli mpango wake wa ndani na kuongoza mizigo. Baadhi ya nyuzi hizo ni za tubulini, nazo huvuta kromosomu wakati seli inapogawanyika. Nyingine ni za aktini ile ile ya msuli. Mwaka 1980 jeni ya aktini ya hamira ilisomwa na makundi mawili ya wataalamu, na ikaonekana kuwa protini yake ni mnyororo wa asidi amino 375, ambazo karibu 87 katika kila 100 ni sawasawa na zile za msuli wa sungura. Mababu wa hamira na wa sungura walitengana zaidi ya miaka milioni elfu iliyopita, na katika muda huo wote aktini imebadilika kidogo sana. Kitu kisichobadilika namna hiyo hakikosi kuwa na kazi nzito.

Hapo ndipo hamira ilipompita sungura kwa manufaa. Binadamu ana jeni 6 za aktini. Hamira anayo moja tu. Akiharibiwa hiyo moja hana ya kukimbilia. Tena hamira huweza kuishi akiwa na nakala mbili za kila jeni au nakala moja, na mtaalamu aweza kuiondoa jeni na kuirudisha ikiwa imebadilishwa apendavyo. Mwaka 1982 David Shortle, James Haber na David Botstein waliivunja nakala moja ya jeni ya aktini katika hamira mwenye nakala mbili, kisha wakamwacha atoe mbegu zake nne. Mbegu mbili zilizorithi jeni nzima ziliota. Mbili zilizorithi jeni iliyovunjwa zilikufa. Ikathibitika kuwa hamira asiyekuwa na msuli hata mmoja hawezi kuishi pasipo protini ya msuli.

Lakini mfu hawezi kueleza kazi aliyokuwa akiifanya. Ilihitajiwa aktini iliyo mbovu kwa kiasi, yenye kufanya kazi katika ubaridi na kushindwa katika joto. Mwaka 1984 Alison Adams na John Pringle walikuwa wamekwisha kuipaka aktini ya hamira rangi ing'aayo, iliyofungwa kwenye sumu ya uyoga iitwayo faloidini. Chini ya hadubini waliona madoa ya aktini yamejaa katika chipukizi, na kamba ndefu zikipita ndani ya mama kuelekea huko huko. Mwaka uliofuata Peter Novick na Botstein waliwachunguza hamira wenye aktini idhurikayo kwa joto. Joto lilipozidi, mpango ule ulivurugika: vifuko vilivyochukua vifaa vya ujenzi vilirundikana ndani ya seli, na vifaa vya ukuta vikatandazwa ovyo mahali pasipostahili. Ikafahamika kuwa kamba zile ni barabara za kupeleka mizigo kwenye chipukizi. Mwaka 1991 ikaonyeshwa kuwa hamira anayo pia miosini ya kuvipeleka vifuko hivyo. Basi wale wenzi wawili wa msuli wako pamoja hata katika hamira.

Njia ya kazi ilikuwa imefika mbali. Njia ya umbo ilikuwa bado nyuma. Kulijua umbo la protini kwa eksirei hutaka fuwele, na aktini ina tabia ya kujiunga yenyewe kwa yenyewe na kuwa nyuzi kabla haijawa fuwele. Mwaka 1990 Wolfgang Kabsch, Kenneth Holmes na wenzao katika mji wa Heidelberg walitangaza umbo la aktini ya sungura, iliyozuiwa isijiunge kwa kufungwa na protini nyingine. Lilikuwa umbo la pande mbili zenye ufa katikati, na ndani ya ufa imekaa ATP, nishati ya seli. Waliongeza mfano wa jinsi vipande hivyo vinavyopangana katika safu mbili zilizosokotana kama kamba.

Miaka 2 baadaye njia mbili zikakutana. Mwaka 1992 Kenneth Wertman, David Drubin na Botstein waliyachagua mahali 36 katika mnyororo wa aktini ya hamira ambapo asidi amino zenye chaji zimekusanyika, kwa kuwa hizo aghalabu hukaa juu ya uso wa protini. Katika kila mahali waliziondoa na kutia alanini, asidi amino ndogo isiyo na chaji. Mabadiliko 34 yalipatikana katika hamira. Kati yake 11 yaliua, 16 yalimfanya hamira ashindwe na joto, na 7 hayakuonyesha dhara lolote. Ndipo mtaalamu alipoweza kulichukua umbo la Heidelberg na kuliandikia kila sehemu ya uso wake: hapa pakiguswa ni mauti, hapa ni ugonjwa, hapa ni salama.

Ramani hiyo haikukaa bure. Kuna sumu ya sponji wa Bahari ya Shamu, iitwayo latrunkulini, ambayo huzivunja nyuzi za aktini. Mwaka 1997 Kathryn Ayscough na wenzake waliwajaribu hamira wa Wertman kwa sumu hiyo, na wachache wakaistahimili. Mabadiliko ya wale wachache yote yalikuwa karibu na ufa wa ATP. Mwaka 2000 fuwele ya aktini pamoja na latrunkulini ilionyesha sumu imekaa papo hapo. Neno lililosemwa kwanza na hamira aliye hai lilithibitishwa na eksirei.

Mwenye kuuliza haya yamfaa nini binadamu, jibu lake limo katika sikio. Seli zinazopokea sauti zina vinywele vilivyojaa nyuzi za aktini. Mwaka 2003 ilitangazwa kuwa baadhi ya jamaa ambao watu wake hupoteza usikivu kidogo kidogo, hali viungo vingine vi salama, wana badiliko katika moja ya jeni zao za aktini. Haikuwezekana kuzitoa seli za masikio yao ili zipimwe. Kwa hiyo mabadiliko 6 ya namna hiyo yalitiwa katika aktini ya hamira, na mwaka 2006 matokeo yakatolewa: mengine yalimdhuru hamira waziwazi, mengine yalimgusa kidogo tu. Dhara moja katika sikio ilikuwa na sababu mbalimbali katika protini, na tiba ya mmoja huenda isiwe tiba ya mwingine. Hamira hana sikio, lakini kwake ndiko ilikowezekana kuuliza kwa nini sikio la mtu linaziba.