Tembe sawa, lakini chanzo ni nini?

Mamangu amemeza dawa za asidi miaka na miaka. Kila akienda kliniki ni story ile ile: "Ni vidonda vya tumbo, mama. Punguza mawazo, wacha pilipili." Anarudi na tembe zile zile.

Sasa skizeni historia. Zamani madaktari kote duniani waliamini hivyo hivyo. Mwaka wa 1979, kule Perth, Australia, Robin Warren aliona bakteria kwenye sampuli za matumbo ya wagonjwa. Yeye na Barry Marshall wakasema hao ndio chanzo cha vidonda vingi. Wengi hawakuwaamini. Mwaka wa 1984 Marshall akawanywa hao bakteria mwenyewe! Siku chache tu, akaanza kutapika, tumbo limevimba ndani. Mwaka wa 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel.

Leo kuna kipimo cha choo tu, na antibayotiki zinawamaliza. Mamangu alipimwa juzi, baada yangu kuuliza: "Daktari, hii inaletwa na nini?" Alikuwa nao.

Sisemi mtupe dawa. Nasema ulizeni. Swali halilipishwi.