Muwakiti wa Dameski

Wanaoamini kwamba dini na sayansi ni mahasimu wa asili hukimbilia kesi ya Galileo ya mwaka 1633. Msikiti wa Umawiyya mjini Dameski unatoa ushahidi mwingine. Katika karne ya 14 ulikuwa na muwakiti, mtaalamu wa falaki aliyekokotoa nyakati za sala, na swali lake alipewa na fikhi yenyewe, yaani sheria ya Kiislamu. Kwa Mashafii, alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongeza kivuli cha adhuhuri. Kwa Mahanafi, kinapofika mara mbili ya urefu huo, ukiongeza pia kivuli hicho cha adhuhuri. Kivuli cha adhuhuri hakilingani siku zote wala miji yote, basi hapo hesabu haikwepeki. Shams al-Din al-Khalili, muwakiti wa msikiti huo, aliacha majedwali yenye tarakimu zaidi ya 13,000. Mwenzake Ibn al-Shatir alitengeneza mwaka 1371 saa ya jua ya marumaru kwa ajili ya mnara, kijiti chake kikiwa kimeinamishwa sambamba na mhimili wa dunia, ili saa zilingane kiangazi na kipupwe.

Atatokea wa kusema kwamba sayansi hapo ilikuwa mtumwa wa ibada. Lakini Ibn al-Shatir huyohuyo aliona kasoro katika mfumo wa Ptolemy wa mienendo ya mwezi na sayari: kwa hesabu za mfumo huo, mwezi ulipaswa mara nyingine kuonekana karibu maradufu ya ukubwa wake, jambo ambalo macho ya yeyote yanalikanusha. Akaupanga upya mfumo huo, na mpango wake unalingana kihesabu na ule aliokuja kuutumia Copernicus. Hakuna sala hata moja iliyohitaji marekebisho hayo.

Pingamizi zito zaidi ni al-Ghazali, mwanateolojia aliyefariki mwaka 1111 na anayelaumiwa kwa kuizima sayansi ya Waislamu. Lawama hiyo haimstahili. Katika utangulizi wa kitabu chake Tahafut al-Falasifa anaonya kwamba anayepinga kwa jina la dini maelezo ya kihesabu ya kupatwa kwa jua na mwezi anaidhuru dini yenyewe. Alichokishambulia ni madai ya wanafalsafa kama lile la ulimwengu usio na mwanzo, na wataalamu wa Dameski walifanya kazi zao zaidi ya miaka 200 baada yake. Ni kweli kwamba kituo cha falaki cha mwanafalaki Taqi al-Din mjini Istanbul kilibomolewa mwaka 1580, na hasara ile ilikuwa kubwa. Ila kituo kile kilitegemea hisani ya Sultani mmoja, na hisani ilipoisha nacho kikaisha. Kazi ya muwakiti ilitegemea sala tano za kila siku. Majedwali ya al-Khalili yalitumika Dameski hadi karne ya 19.